Maswali ya wasomaji: misimbo ya magonjwa na alama ya hatari katika Medicare Advantage

SWALI: Mimi ni mweka misimbo mpya katika kliniki ya wazee huku Marekani. Tuna mgonjwa mwenye kisukari, ugonjwa sugu wa figo wa hatua ya 3b na moyo kushindwa kufanya kazi. Msimamizi anasema alama yake ya hatari imeshuka kwa sababu tumetuma E11.9 (kisukari bila madhara) peke yake badala ya E11.22 (kisukari chenye ugonjwa sugu wa figo). Alama hii huhesabiwaje, na je, msimbo mmoja unaweza kuiangusha hivyo?

JIBU: Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, hailipi mipango ya Medicare Advantage (bima za kampuni binafsi zinazotoa huduma za Medicare) kwa kila huduma. Hulipa kiasi cha kila mwezi kwa kila mwanachama, na kiasi hicho hupanda au kushuka kulingana na alama yake ya hatari. Alama ya 1.0 ni ya mtu ambaye gharama zake zinatarajiwa kuwa za wastani katika Medicare ya kawaida. Inajengwa kwa umri na jinsia, kisha yanaongezwa magonjwa yaliyoandikwa na kutumwa mwaka uliotangulia: huduma za 2025 ndizo zinazolipia 2026.

Misimbo ya ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani, hukusanywa katika makundi ya magonjwa yaitwayo HCC. Toleo la zamani la mfumo huu, V24, lilikuwa na makundi 86 yanayolipiwa. V28 lina 115. V28 liliingizwa kwa awamu kuanzia 2024, na tangu 2026 ndilo pekee linalotumika kwa mipango hii.

Msimamizi wako anafikiri kwa hesabu ya V24. Humo, kwa mzee anayeishi nyumbani na asiye na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), kisukari bila madhara kilikuwa na uzito wa 0.105, na chenye madhara sugu 0.302. V28 limevipa vyote viwili 0.166. Kwa hiyo E11.9 yenyewe haikuangusha kitu. Kilichoangusha alama ni kwamba figo na moyo havikutumwa kabisa.

Tazama hesabu ya mgonjwa wenu katika V28. Kisukari ni 0.166, moyo kushindwa kufanya kazi (wa kudumu, si wa ghafla) ni 0.360, ugonjwa sugu wa figo wa hatua ya 3b ni 0.127. Magonjwa haya yakikutana yanazidishiana gharama, ndiyo maana mfumo huongeza 0.112 kwa kisukari pamoja na moyo, na 0.176 kwa moyo pamoja na figo. Jumla ni 0.941, juu ya sehemu ya umri na jinsia. Mkituma E11.9 peke yake mnabaki na 0.166. (Baadaye alama nzima hugawanywa kwa kigezo cha kusawazisha cha mwaka husika na kupunguzwa kwa asilimia 5.9, lakini hilo linawapata wote.)

E11.9 bado ni kosa, hata kama haikugusa malipo. Mwongozo wa ICD-10-CM unachukulia kuwa kisukari na ugonjwa sugu wa figo vinahusiana, isipokuwa daktari ameandika wazi kwamba figo ziliharibiwa na kitu kingine. Hivyo E11.22 ndiyo sahihi, ikifuatwa na msimbo wa hatua ya figo, hapa N18.32. Na kama ana shinikizo la damu pia, moyo, figo na shinikizo huingia pamoja kwenye I13.0, kisha unaongeza aina ya moyo kushindwa, kwa mfano I50.22, bila kusahau N18.32.

Kuna mpaka usiovukwa. Ukiona eGFR (kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu) ya 38 katika karatasi ya maabara, huna ruhusa ya kuandika hatua ya 3b mwenyewe, ingawa 30 hadi 44 ndiyo 3b. Ugonjwa sugu wa figo unahitaji zaidi ya miezi mitatu ya ushahidi, na anayeuthibitisha ni daktari. Akiandika "figo zimepungua nguvu" tu, muulize.

SWALI: Daktari wetu huandika "historia ya moyo kushindwa kufanya kazi" kwa wagonjwa ambao bado wanameza dawa za moyo. Niweke I50?

JIBU: Usiweke kwa kukisia. Katika lugha ya misimbo, "historia ya" maana yake ugonjwa umekwisha na hautibiwi tena. Daktari huenda alimaanisha kuwa mgonjwa ameishi nao miaka mingi, lakini mkaguzi atasoma kilichoandikwa.

Mwandikie daktari swali. Taja ushahidi uliomo kwenye faili: dawa na dozi, kipimo cha moyo cha karibuni, uvimbe wa miguu kama umeandikwa. Kisha mpe chaguo kadhaa zenye mashiko, pamoja na "nyingine" na "haiwezi kubainika". Swali lisimwelekeze kwenye jibu, na lisitaje malipo wala alama, hata kwa dokezo. Swali la aina ya "tafadhali thibitisha moyo kushindwa kufanya kazi" halifai, maana limekwisha kujijibu.

Daktari akielewa jambo moja tu kutoka kwenu, liwe hili: kila ugonjwa anaoutaja aonyeshe kwamba siku hiyo aliufuatilia, aliupima, aliutathmini au aliutibu. "Moyo kushindwa kufanya kazi kwa kudumu, aina ya sistoli, hali imetulia, uzito haujaongezeka, aendelee na furosemide" ni sentensi moja, na inasimama yenyewe mbele ya mkaguzi. Orodha ya magonjwa inayonakiliwa kutoka ziara hadi ziara bila neno jipya haisimami.

SWALI: Ni misimbo gani inayokataliwa zaidi na wakaguzi?

JIBU: Ile ya matukio ya ghafla inayotumwa kutoka kliniki miezi kadhaa baadaye. I63, kiharusi kipya, ni ya tukio lenyewe, na karibu kila mara mahali pake ni hospitali. Mgonjwa akija kliniki baada ya hapo bila athari, weka Z86.73, historia ya kiharusi. Akiwa amebaki na udhaifu wa upande mmoja, msimbo unatoka I69, athari zilizobaki za kiharusi: upande wa kulia bila maelezo zaidi huhesabiwa kuwa ndio mkono wenye nguvu, yaani I69.351, na wa kushoto I69.354. Huu udhaifu una kundi lake la HCC, kwa hiyo ukweli hapa haumpunguzii mgonjwa haki yake.

Shambulio la moyo ni vivyo hivyo: I21 kwa wiki nne, kisha I25.2, shambulio la zamani.

Saratani inasumbua zaidi. Uvimbe ukishaondolewa na matibabu kukamilika, ni Z85, historia ya saratani. Lakini mwanamke anayeendelea kumeza dawa za homoni kama sehemu ya kutibu saratani ya titi bado ana C50, msimbo wa saratani ya titi yenyewe. Akizimeza kwa kinga tu baada ya matibabu kwisha, ni Z85.3. Dawa ni ileile, kwa hiyo daktari lazima aandike anaitoa kwa nini. Na "inashukiwa" au "huenda ni saratani" katika ziara ya nje haiwekewi msimbo wa saratani kamwe, weka dalili.

SWALI: Je, ziara ya simu inahesabiwa?

JIBU: Ya sauti na picha, ndiyo. Ya sauti pekee, hapana, kwa alama ya hatari ya Medicare Advantage. Maabara na picha za eksirei zikiwa peke yake hazikubaliki pia. Hakikisha kila ukurasa una jina la mgonjwa na tarehe ya huduma, na mwisho pana saini ya daktari pamoja na cheo chake cha kitaaluma. Ugonjwa ulioelezwa vizuri hupotea kwenye ukaguzi kwa kukosa saini tu.

SWALI: Mgonjwa alikatwa mguu miaka sita iliyopita. Lazima tuandike kila mwaka?

JIBU: Lazima. Kila Januari mosi magonjwa yote hufutwa kwenye hesabu, hata yasiyopona. Msimbo ni wa Z89, na mara nyingi husahaulika kwa kuwa daktari anaona jambo lililo wazi. Atazame kisiki, aandike hali ya ngozi na mguu wa bandia.

SWALI: Nimegundua I63 tuliyotuma mwaka jana kimakosa. Nikae kimya?

JIBU: Usikae kimya. Mjulishe msimamizi wa uzingatiaji kanuni kwa maandishi, ili mpango wa bima uufute msimbo huo. Sheria inataka malipo ya ziada yarudishwe ndani ya siku 60 tangu yabainike, na muda wa kuangalia nyuma ni miaka sita. Kuyashikilia kwa kujua kunaweza kuwaingiza katika sheria ya madai ya uongo, False Claims Act. Kisha kagua ziara zote zilizotumwa na I63 kutoka kliniki hiyo, kwa sababu mara nyingi kosa la namna hii hutoka kwenye kiolezo cha kompyuta na limewagusa wagonjwa wengi. Katika ukaguzi huohuo, magonjwa ya kweli yaliyoachwa nayo yaongezwe. Ukaguzi unaotafuta ya kuongeza peke yake, bila kufuta yasiyo na ushahidi, ndio unaowafikisha watu mahakamani.