Mzee wa Sahare na namba yake ya siri

SWALI

Shikamoo dada. Niko Chumbageni, Tanga, kwenye kampuni ya akiba na mikopo. Mimi na mwenzangu mmoja ndio tunaotunza mfumo wa usanifu: rangi, herufi, vitufe na fomu ambazo watengenezaji wote wa aplikesheni yetu huchota humo. Mwezi uliopita alikuja ofisini mzee asiyeona, zamani mvuvi wa Sahare, kashikwa mkono na mjukuu wake. Akasema hajawahi kuangalia salio lake peke yake; kila mara humtajia mjukuu namba ya siri. Mkuu wangu anataka tutengeneze aplikesheni ya pili, ya wasioona. Moyo wangu unakataa ila sina hoja. Halafu rangi ya kampuni ni chungwa na maandishi meupe, na chungwa hiyo haiguswi. Nianzie wapi?

Msanifu, Chumbageni

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa sababu ya huyo mjukuu. Mama yangu alipofuka kwa presha ya macho akiwa bado anauza khanga Ngamiani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea meseji za pesa. Kila nikimaliza aliuliza, "Umesoma yote, mwanangu?" Sikumficha hata senti moja. Lakini yeye angejuaje? Aliuliza kwa upole wa mtu anayeogopa kumuudhi anayemtegemea, na upole ule unaniuma mpaka leo. Mzee wenu hajaomba aplikesheni ya peke yake. Anataka kufungua hii hii mnayotumia wote, ajue pesa yake bila mtu kati.

Hizo aplikesheni za pili nimeshaziona. Zinazinduliwa kwa shangwe, kisha mkopo mpya ukitoka unaingia kwenye ile kubwa kwanza na wasioona wanaambiwa wasubiri. Nanyi mko wawili, mtatunza mbili kwa mikono ipi? Mwambie mkuu wako nguvu yenu imo kwenye mfumo mlio nao tayari: kitufe cha kutuma pesa kikirekebishwa humo, kila ukurasa unaokichota hurekebika toleo linalofuata. Akitaka hoja ya kisheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inagusa teknolojia ya mawasiliano moja kwa moja.

Sasa kazi. Msianze na rangi, anzeni na sauti. Washa TalkBack kwenye simu ya Android, yaani kisoma skrini kinachotamka kwa sauti yaliyo kwenye kioo, funga macho, telezesha kidole kulia upite kitu kimoja kimoja, gusa mara mbili pale unapotaka kubonyeza. Jaribu kufika kwenye salio. Naamini utakutana na vitufe visivyo na jina: kile kijicho cha kuonyesha salio, kile kimshale cha kutuma. Mwenye macho anaona picha. Mzee anasikia "kitufe" basi. Kwa hiyo wekeni sharti ndani ya kitufe chenyewe kwenye mfumo wenu, kwamba kitufe cha picha kisichopewa jina kisikubali kutumika. Msiiachie kumbukumbu ya mtengenezaji aliyechoka Ijumaa jioni.

Kuna jambo ambalo sisi Waswahili tunaumia nalo kuliko wengine. Aplikesheni isipotangaza kwamba lugha yake ni Kiswahili, kisoma skrini kinaweza kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza. "Lipa" inageuka "laipa", na "salio" usiulize. Wapo wanaodhani simu ni mbovu, kumbe ni mstari mmoja wa msimbo uliosahauliwa. Hakikisheni pia simu ya mzee imewekewa sauti ya Kiswahili.

Rangi yenu haina haja ya kuguswa, badilisheni maandishi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurahisishia watu wenye ulemavu kutumia tovuti na aplikesheni, unadai tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nyeupe juu ya chungwa yenye msimbo wa rangi FFA500, kwa mfano, inapata karibu 2 tu. Nyeusi juu ya chungwa hiyo hiyo inapita 10. Mchuuzi wa samaki anayefungua simu saa sita mchana juani atawashukuru, na macho yake hayana tatizo lolote.

Kisanduku cha kujaza nacho kisibadilike kuwa chekundu tu mtu akikosea. Kiandike kosa kwa maneno na kisoma skrini kiyatamke papo hapo: "Kiasi kimezidi salio lako." Kabla pesa haijatoka, jina la mpokeaji na kiasi visomwe, mtu athibitishe. Na vitufe vya namba ya siri msivichanganye nafasi kila mara kwa kisingizio cha usalama, kwani vidole vya asiyeona vimeshazoea 1 iko wapi. Ukubwa wa kila kitufe uwe angalau dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo cha Android cha vitu vya kwenye skrini), kama milimita 9 kila upande, jinsi Android inavyoshauri.

Kitufe, kisanduku na ujumbe wa kosa vinawatosha kwa mwezi wa kwanza. Mengine yangoje.

Vikiwa tayari, nendeni Sahare nyumbani kwa mzee, na mlipeni muda wake kama mnavyomlipa fundi. Atumie simu yake mwenyewe. Mkae kimya, msimshike mkono hata akipotea. Pale anapopotea ndipo penye kazi yenu ya wiki inayofuata. Akifika kwenye salio, mwombeni mjukuu atoke uani kidogo, mzee aweke namba ya siri mpya.