Mvua ikikatika, usikikaushe kisima

Siku ya pili baada ya mvua kukatika tulikodi pampu. Kisima kilikuwa kimefurika mpaka mdomoni, maji yana rangi ya udongo na harufu ya choo, na sote nyumbani tuliona dawa ni moja tu: kuyavuta yote. Tukavuta mpaka chini. Yakajaa tena, machafu vilevile, tukavuta tena. Mara ya tatu yakaja maangavu, tukafurahi, hadi mama alipoonja. Chumvi!

Tulikaa miezi bila maji matamu. Ndiyo maana kila nikisikia mafuriko yamepiga kisiwani, nawaza pampu kabla ya kitu kingine.

Kisiwani, maji matamu ya ardhini ni tabaka linaloelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Hesabu ya wataalamu ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukiyashusha ya juu kwa pupa, chumvi inapanda kuyafuata. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, visima vya pwani ya Sri Lanka vilivutwa kwa pampu mara kwa mara kwa nia njema kabisa, na vingine vikazidi chumvi. Tena ardhi iliyoshiba maji husukuma kuta za kisima; kikiwa kitupu, zinaweza kuporomoka.

Siku hizi tunaopoa takataka, tunaacha matope yatuame, kisha tunateka kwa ndoo kidogo kidogo, tunapumzisha, tunateka tena. Klorini huja mwisho, kwa kipimo cha afisa wa afya, kwa sababu maji yenye tope huidhoofisha. Inalala humo usiku kucha. Na tafadhali, mtu asishuke kisimani, wala pampu ya petroli isiteremshwe ndani: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua kimyakimya.

Wakati huo tunakunywa maji ya mvua kutoka paani, yale ya mwanzo yanayoosha bati tukiyamwaga. Mengine yote tunachemsha mpaka yatokote dakika nzima. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi hakuitoi.

Kinachonitia hofu zaidi ni vyoo vya shimo. Visiwa vingi ni vya mawe ya matumbawe, yana nyufa, na uchafu hupenya haraka kabla udongo haujauchuja. Kisima cha jirani kinaweza kuonekana safi kabisa na watoto wake wakaanza kuharisha. Hapo usingoje. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo huku mkijiandaa kwenda kituo cha afya. Akiharisha damu, akilegea au akishindwa kunywa, ondokeni saa ileile, maana bahari ikichafuka chombo hakivuki, na hilo hamtalijua mpaka mfike bandarini.