Mwalimu, ati hata Japani wazazi walilia hivi?

SWALI: Habari Mwalimu. Kijana wangu ako Gredi 6 hapa Nakuru. Juzi saa mbili usiku nilikuwa bado saiba naprinti picha za wanyama, ya rangi ni bob 20 kila moja, na projekti inatakiwa kesho yake asubuhi. Shemeji yangu anasema hata Japani walijaribu mambo kama haya ya CBC, huu mtaala wetu wa projekti na vitendo, yakawashinda wakarudi nyuma. Ni kweli? Na nimtafutie kijana tuisheni?
Mama wa Gredi 6, Kaptembwo

JIBU: Mama, pole na hiyo ya saiba. Shemeji hajadanganya, ila stori ameikatia katikati. Mwaka wa 2002 Japani walipunguza silabasi karibu asilimia 30, Jumamosi zote shule za serikali zikafungwa, na kukawa na kipindi cha watoto kujifanyia utafiti wenyewe badala ya kukariri tu. Waliita yutori, yaani mtoto apate nafasi ya kupumua, maana mitihani ilikuwa imewamaliza.

Wazazi sasa, wee! Kukazuka maneno ati watoto watafunzwa pai ni 3, watu wakapandwa na presha, na kumbe 3.14 ilikuwa bado iko, 3 ni ya kukadiria tu. Halafu Desemba 2004 matokeo ya PISA, ule mtihani wa kulinganisha nchi, yakatoka: hesabu wameteremka kutoka namba 1 hadi 6, kusoma kutoka 8 hadi 14. Hapo serikali ikatetemeka. Mtihani wa kitaifa ukarudi 2007, na kuanzia 2011 silabasi ya praimari ikanenepa tena. Lakini kile kipindi cha utafiti hawakukitupa, walipunguza masaa tu, na hapo ndipo shemeji hakufika.

Kilichonisumbua mimi ni juku, tuisheni yao ya jioni. Mwenye pesa alimpeleka mtoto huko akajazwa yale shule imepunguza, asiye nazo wake akabaki na TV. Kwa hivyo tuisheni, hapana, si saa hii, na ile ya likizo hata sheria yetu ya 2013 imekataza. KPSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi 6, haimzuii kwenda Gredi 7, usikimbizwe na hiyo. Fungua daftari lake la hesabu tu, umpe hesabu tatu za kujumlisha sehemu, kama nusu na robo, ukiwa unapika, akikwama mara mbili mtafute mwalimu wake.

Na hizo picha, muulize mwalimu kama kijana anaweza kuchora ng'ombe kwa penseli. Mimi nikiwa darasani nilikuwa nakubali, hata kama ng'ombe amefanana na mbwa.