Ugumu wa fomu ubebe wewe, si mwenye simu mtaani

Wewe unayeanza kuunda fomu za utafiti kwa KoboToolbox au ODK, programu za kukusanya data kwa simu, karibu. Programu hizi zina uwezo mwingi, na utatamani kuutumia wote katika fomu yako ya kwanza. Kabla hujaongeza chochote, jiulize fomu itajazwa na nani. Hapa Nairobi mara nyingi ni kijana aliyesimama mlangoni mwa mtu kule Laini Saba, Kibra, jua la saa saba likimpiga, na mama mwenye nyumba ana sufuria jikoni.

Mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Xerox PARC kisha Apple, alishikilia kwamba kila programu ina kiasi fulani cha ugumu kisichoondoka. Swali ni nani ataubeba. Kwa kazi yetu jibu langu ni moja: ubebe wewe uliyekaa ofisini.

Chukua swali la wadi. Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Ukimpa mkusanyaji data orodha yote, atasogeza kidole mpaka achoke, kisha aguse jina lolote lililo karibu. Ukitumia choice_filter, safu ya kuchuja machaguo ndani ya XLSForm (fomu iliyoandikwa kama jedwali la Excel), akichagua Nairobi anaona maeneo bunge 17 tu. Akigusa Kibra zinabaki wadi 5: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Kuiandaa orodha hiyo ni kazi ya kuchosha, maana kila wadi lazima ifungwe kwenye eneo bunge lake, na herufi moja ikikosewa jina halitokei kwenye simu. Vumilia. Wewe unaifanya mara moja, yeye angehangaika nayo kila nyumba.

Uwezo huohuo wa kubana majibu unaweza kuumiza. Nambari za simu za mkononi siku hizi huanza na 07 au 01. Fomu inayodai 07 pekee humkataa mhojiwa mkweli, na mkusanyaji, ili aendelee, ataandika nambari ya kubuni. Ruhusu zote mbili, kisha kwenye safu ya constraint_message, yaani ujumbe unaotokea jibu likikataliwa, uandike waziwazi: "Nambari ianze na 07 au 01, iwe na tarakimu 10." Usipoandika, simu itamwambia tu kwamba jibu halifai.

Ninachokiogopa zaidi ni kulazimisha kila swali lijibiwe. Watu wana haki ya kunyamaza wakiulizwa mapato yao, kwa hivyo weka chaguo la "Amekataa kujibu". Pengo kwenye data utaliona. Jibu la kubuni huenda usilitambue kamwe, na mtu atapanga mradi juu yake.

GPS nayo: kwa kawaida ODK Collect, programu ya ODK ya kwenye simu, husubiri usahihi wa mita 5 ndipo ijihifadhie mahali yenyewe. Kule mtaa wa Pipeline, ghorofa zilivyobanana, mkusanyaji anaweza kungoja mpaka mhojiwa afunge mlango. Ikiwa unachotaka ni kujua mtaa tu, legeza capture-accuracy, yaani kiwango hicho cha usahihi, iwe 20.

Usiikimbie XLSForm kwa sababu inaonekana ngumu. Jenga fomu kwanza kwa kubofya ndani ya KoboToolbox, kisha pakua faili la XLS ulifungue. Utaona kila ulichobofya kilivyoandikwa, safu kwa safu. Hapo ndipo mahali pazuri pa kujifunzia, kuliko maelezo marefu.

Fomu ikiwa tayari, itie kwenye simu ya bei nafuu, umpe mtu ambaye hakushiriki kuiunda, kisha unyamaze. Tazama kidole gumba chake: kinasita wapi, kinarudi nyuma wapi. Ukijikuta unataka kumweleza swali, hilo ndilo la kuandika upya kabla timu haijapanda matatu.