Mbwa wako akipewa miezi michache: yaliyonikuta mimi na Bosko

Alhamisi iliyopita dada mmoja wa Mwanza aliniandikia. Mbwa wake amepigwa eksirei, imeonekana saratani ya mfupa, na daktari amemwambia ahesabu miezi, si miaka. Mwishoni aliuliza tu: "Kaka, nafanyaje na huyu?" Niliusoma ujumbe ule nikiwa dukani. Nikafunga duka mapema, nikarudi nyumbani, nikakaa chini ya mwembe alikolala Bosko. Nilidhani nimeshamaliza kumlilia.

Bosko alikuwa chotara wa Rottweiler na mbwa wetu wa kienyeji. Nilimchukua akiwa na wiki 7, anaenea kwenye kapu la mayai, na kwa miaka 9 hakuna kuku wangu hata mmoja aliyeibwa pale Kibaha. Nasema hivi kwa fahari. Majirani zangu waliibiwa, tena wenye kuta ndefu kuliko yangu. Ninyi mnaofuga mbwa kwa mapenzi mnanielewa: mlinzi kama yule hanunuliwi, analelewa.

Masika ya mwaka juzi alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia. Mtaalamu aliyekuja nyumbani aliubonyezabonyeza, akasema ameteguka, akamchoma sindano. Nafuu ikaja siku 3, ikaondoka. Akamchoma tena. Tukaenda hivyo mara 4, miezi 2 mizima, na neno eksirei halikutamkwa. Uvimbe ulipotokea juu kidogo ya kifundo, mgumu kama jiwe, akaniambia mfupa umeunga vibaya. Yule bwana sijamsamehe sawasawa, najitahidi. Lakini sikiliza: mbwa mwenye umbo kubwa akichechemea wiki 2 bila kupona, usikubali sindano ya tatu. Dai picha. Kama kwenu hakuna mashine, ulizia ilipo, umpeleke.

Sisi tulimpandisha kwenye pikapu ya shemeji mpaka Morogoro, SUA, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwenye hospitali yao ya wanyama. Daktari aliishika picha ile dhidi ya mwanga wa dirisha. Ndani, mfupa ulikuwa umetafunwa kama ubao ulioingiwa na mchwa, na kwa nje ulikuwa umechanua miibamiiba. Akaniita "mzee" ilhali tunalingana umri. Hapo hapo nikajua.

Ugonjwa unaitwa osteosakoma. Huwapata zaidi mbwa wakubwa, na una sehemu zake unazozipenda: miguu ya mbele ni juu ya kifundo au karibu na bega, ya nyuma ni kuzunguka goti. Kifua cha Bosko kilionekana safi pichani, nikataka kufurahi, daktari akanizuia kwa upole. Akasema kwa mbwa kama 9 katika 10, siku ugonjwa unapogunduliwa chembe zake zinakuwa zimeshafika mapafuni, ila ni ndogo mno picha haiwezi kuzikamata. Ukikata mguu unaondoa maumivu, na wengi huishi miezi 4 au 5 hivi. Ukikata na kuongeza tibakemia, yaani dawa za kuua chembe za kansa, kwa kawaida inafika miezi 10 hadi 12. Bosko alikuwa na kilo 46 na nyonga zake zilikuwa zimeshachoka. Tukaamua asikatwe, apewe dawa za maumivu tu. Wapo wanaokata, na mbwa wengi hutembea vizuri kwa miguu 3, simhukumu mtu.

Tuliporudi, jirani wa ng'ambo ya barabara akanipa matumaini yaliyoniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mbwa wake alipona kansa kwa sindano 5, akaniapia, tena yuko hai. Nilimpigia daktari usiku huohuo, nusura nimfokee kwa kunificha. Akanieleza taratibu. Kansa ya mbwa wa jirani ni ile ya sehemu za siri, inayoambukizwa mbwa wanapopandana. Chembe zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ile hutibiwa kwa sindano ya dawa ya kansa iitwayo vinkristini, mara moja kwa wiki, na wengi wanapona kabisa. Ya mfupa haiisikii dawa ile. Kwa hiyo dada yangu wa Mwanza, jina la kansa uliandike kwenye karatasi. Mtu akikuletea habari ya mbwa aliyepona, muulize kwanza alikuwa na kansa gani. Asipojua, mshukuru, umsindikize mpaka getini.

Miezi iliyofuata siielezi sana, ilikuwa vidonge asubuhi na vidonge jioni, vimefichwa ndani ya pande la ugali. Isipokuwa usiku mmoja. Dawa zake zilikwisha Jumamosi, duka la dawa za mifugo limefungwa, naye analia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikampa diklofenaki yangu ya mgongo. Kesho yake nikampa tena. Jumatatu akatapika, na kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami: tumbo linavuja damu ndani. Nilimwumiza mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa upendo. Usimpe mbwa dawa zako za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, zote zinachoma tumbo lake na kuharibu figo. Hesabu vidonge kila Alhamisi, ununue kabla Jumamosi haijafika. Nitarudia: usimpe mbwa dawa zako.

Na watu watakucheka. Shemeji huyohuyo mwenye pikapu aliniambia mbele ya wageni, "Shemeji, unalilia mbwa, kuku wako wana kideri." Nilinyamaza, lakini lile neno bado liko kifuani. Aliyenishika mkono ni mtu niliyemtarajia kidogo kuliko wote, mzee mmoja wa Kiislamu wa nyumba ya tatu ambaye kwa miaka 9 alikuwa anavuka barabara akimwona Bosko, asije akamgusa kwa mate. Alianza kusimama getini kila akitoka swala ya alfajiri kuniuliza mgonjwa ameamkaje. Siku moja akanikumbusha habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Ndugu zangu, tuache kuona haya. Aliyekulindia watoto miaka yote unamwonea haya ya nini? Mlilie. Waambie na wenzako kazini kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Daktari wa Morogoro alinipa kipimo cha Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama kule Marekani. Ni mambo 7: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila jambo unalipa alama kutoka 0 mpaka 10, 10 ndiyo nzuri. Jumla ikizidi 35, bado ana maisha ya kuitwa maisha. Ikishuka, ni wakati wa kumwita daktari ampumzishe.

Tulichora mistari kwenye daftari la shule, upande mmoja alama zangu, upande wa pili za binti yangu wa miaka 9, aliyezaliwa mwaka mmoja na Bosko. Tulimweleza ukweli wote tangu mwanzo. Mke wangu alitaka tumwambie mbwa amepelekwa shamba, nikakataa, na mpaka leo nashukuru nilikataa. Kila jioni tunaandika bila kuoneshana. Mimi nilikuwa nagawa alama za huruma. Bosko akitikisa mkia mara moja, nampa furaha 6. Mtoto anaandika 2. Nikamuuliza kwa nini. "Baba, siku hizi akisikia pikipiki yako haji getini. Anasikiliza tu."

Jumanne moja alama zake zilifika 31. Zangu siku hiyo ni 43. Nikalifunga daftari. Nikajiambia mtoto hajui, nikajiambia Jumapili nitakuwa na nafasi, nimpigie daktari kwa utulivu. Jumamosi usiku ilinyesha mvua, Bosko akajaribu kuinuka ahamie barazani, na ule mfupa uliotafunwa ukavunjika. Niliisikia sauti yake kutoka chumbani. Daktari alifika saa 1 asubuhi. Kuanzia saa 7 usiku mpaka saa hiyo nilikaa naye kwenye tope, nimemshika kichwa, na hakuna kidonge kilichomtuliza. Siku 5 nilizozichukua zilikuwa zangu. Bosko hakuzihitaji hata moja.

Daktari alimchoma kwanza sindano ya usingizi, akalegea mapajani mwangu, kisha ile ya pili kwenye mshipa. Haikuchukua hata dakika 2. Macho hayafumbi, nakuambia mapema usije ukashtuka, na pengine atavuta pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama, hasikii chochote. Mchimbie shimo refu, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na ikifukuliwa inaua mnyama atakayekula. Kwetu aliyeanza kuchimba ni yule mzee wa nyumba ya tatu. Alikuja na jembe lake bila kuitwa.

Dada yangu, leo jioni chukua daftari, uchore mistari 7. Mtafute mtu wa pili aandike upande wake, awe mtu asiyeweza kukudanganya, na mkubaliane namba za nani zitafuatwa. Mpigie daktari wako wiki hii, mbwa akiwa bado anakula, umuulize kama anakuja nyumbani usiku na kwa bei gani. Usingoje Jumapili. Jumapili ni ya kwako, si ya kwake.

Nitumie alama za siku 3 za kwanza, nitakujibu usiku huohuo. Na uniambie anaitwa nani. Binti yangu anauliza.