Jua na upepo ndani ya ndoo

Umeuliza wiki hii, Mhariri, ni kifaa gani cha jikoni kilichokaa bure nyumbani kwetu, na ni chakula gani kilichokishusha kabatini. Changu ni eafraya, ile mashine ya umeme ya kukaangia kwa hewa ya moto, na kilichoishusha ni brokoli. Najua wasomaji wenzangu wa Kanda ya Ziwa wameshaanza kucheka. Nyumba ya sato na dagaa, brokoli imetokea wapi?

Eafraya ilikuja na basi. Kulwa, mwanangu anayefundisha fizikia Dodoma, aliituma kama kifurushi, nikaenda kuichukua stendi ya Nyegezi nikidhani ni redio. Ikakaa juu ya kabati miezi minane. Si kwamba sikuitaka, niliiogopea LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ambao mita yake huhesabu uniti zilizobaki. Jirani yangu mmoja aliniambia, kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuwa nayo, kwamba mashine ile inakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka machungani. Nikaifunika kitambaa cha kufuma, nikaiwekea maua ya plastiki juu yake. Ikapendeza.

Brokoli ililetwa na mkwe wangu, mke wa Doto, tunayeishi naye. Alitaka mtoto wake wa miaka sita ale kitu cha kijani, maana mjukuu wangu huyo mboga za majani anazichambua kwenye sahani kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mkwe aliinunua Soko Kuu kwa bei ambayo mimi ningepata mchicha wa wiki nzima. Nikanyamaza, mkwe ni mkwe. Akaichemsha kwanza ili ilainike, akaijaza kwenye kikapu hadi juu, akaweka dakika 20. Ikatoka imelegea, ina rangi ya sare ya mgambo iliyofuliwa mara nyingi, na nyumba nzima inanuka kabichi iliyolala. Haikunishangaza nilipokuja kuambiwa kwamba brokoli, kabichi na sukuma wiki ni ukoo mmoja. Ukizipika kupita kiasi zote zinatoa harufu ileile ya salfa.

Mara ya pili hakuichemsha, ila aliimwagia mafuta mengi na kitunguu saumu kilichotwangwa. Kitunguu kikaungua kikawa kichungu, brokoli ya juu ikawa masizi, ya katikati ikabaki mbichi. "Mama, labda mashine yenyewe ni mbovu," akaniambia.

Nikachungulia ndani ya kikapu. Brokoli imelundikana, mvuke unafuka kutoka chini. Nikaona dagaa.

Nimeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, miaka 19. Nilikuwa nawafuata Igombe na Kayenze kipindi cha giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazina kazi. Dagaa akishatoka majini ana saa chache tu za kuamuliwa atakuwa nani. Ukimtandaza kwenye chanja akapata nafasi yake, jua likampiga na upepo ukampita, jioni ukimkunja anavunjika. Ukimlundika kwa uvivu, wa juu anakauka na wa chini anafukuta, mvuke wake mwenyewe unamrudia. Kesho yake ana rangi ya kutu na anauzwa bei ya chakula cha kuku. Tena jua peke yake halitoshi. Zipo siku za jua kali lisilo na upepo, dagaa wanashinda wanatoa jasho, na zipo siku za jua la kawaida lenye upepo wa ziwani, mchana tu umeshawazoa. Marehemu mama yangu kule Misungwi alianika michembe juu ya mawe kwa kanuni hiyohiyo, na kipande kilicholalia mwenzake tulikitenganisha sisi watoto, mchana kutwa.

Sasa hiyo eafraya ina nini cha ajabu? Ina koili ya moto juu, ina feni inayozungusha ule moto, na ina kikapu chenye matundu. Ni jua na upepo ndani ya ndoo. Kukaanga ni jina la dukani tu, kazi yake hasa ni kukausha kwa hewa ya moto.

Nilipompigia Kulwa kumweleza ugunduzi wangu, akanipa somo zima. Brokoli, akasema, karibu asilimia 90 ni maji. Maadamu ngozi yake ina unyevu, joto lake haliwezi kupita lile la maji kuchemka, hata ukiweka nyuzi 200 kwenye kioo. Na Mwanza maji yanachemka mapema kuliko Dar, kwenye nyuzi 96 hivi, kwa sababu ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ile rangi ya hudhurungi na ladha ya kukaangwa haiji vizuri mpaka ngozi ifike nyuzi 140 hivi, kwa hiyo maji yasipoondoka unachemsha tu, hata kama unaita kukaanga. Nikamwambia, mwanangu, hilo Mwaloni tunalijua, ila hatukuwahi kulipima kwa nyuzi.

Basi ninavyofanya ni hivi. Naosha kichwa kizima kabla ya kukikata, na kwanza nakilaza kifudifudi kwenye maji ya chumvi dakika kumi, maana viwavi wa kijani wanajua kujificha mle. Brokoli iliyokwisha kuchomoza vimaua vya njano siinunui, imezeeka. Nakata vishada visivyozidi kidole gumba, na kila kimoja nakipasua kati kipate upande bapa, kwa kuwa upande huo ndio unaolala kwenye kikapu na kupata rangi. Shina silitupi. Wengi wanalitupa, nalo kwa ulimi wangu ndilo tamu kuliko vyote: menya ganda gumu, kata vijiti kama vya chipsi.

Halafu inafuata hatua ambayo mkwe aliiona kama uganga. Naianika. Natandika kanga kuukuu kwenye ungo, natandaza brokoli juu yake, naiweka dirisha la upande wa ziwani nusu saa. Ukiwa na haraka, futa kila kishada kwa kitambaa kikavu. Lakini usiitie imelowa halafu ukailaumu mashine.

Kichwa cha wastani kikishasafishwa kinabaki kama gramu 300, nacho kinataka kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Naipaka kwa mkono, nikipenyeza mpaka kwenye vichwa, maana vile vichwa ni mamia ya maua yasiyochanua, na yakikosa mafuta yanaungua kabla shina halijaiva. Kisha nanyunyiza kijiko cha chai cha unga wa muhogo. Hiki ni kionjo changu. Mkwe alisikia watu wanatumia konflawa, nayo ni wanga vilevile: unanyonya unyevu uliobaki na kuacha gamba jembamba. Ila uwe muhogo mkavu wa kawaida, si udaga uliovundikwa, labda kama unataka wageni waulize nani kavua viatu. Chumvi naitia mwisho kabisa, maana ikikaa inavuta maji yaje juu, nasi tumehangaika nusu saa kuyafukuza.

Eafraya naiwasha tupu dakika tatu, nyuzi 200. Vijiti vya shina vinatangulia dakika nyingine tatu, ndipo vishada vinaingia, safu moja tu. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Kikapu chetu ni cha lita 4, kinabeba nusu ya kichwa, kwa hiyo nusu ya pili inasubiri zamu. Dakika ya tano natikisa, ya nane naanza kuchungulia, na kufika ya kumi mara nyingi ncha zimeshakuwa kahawia na shina linachomeka kwa uma. Kitunguu saumu kiingie dakika mbili za mwisho. Ndimu na pilipili ni za kwenye sahani.

Na LUKU? Siku moja nilizima friji na taa zote, nikasoma mita: 41.6. Nikapika mzunguko mmoja, nikasoma tena: 41.3. Baadaye Kulwa akanionyesha kwamba mashine ya wati 1,500 ikiwaka robo saa bila kupumzika haiwezi kufikisha uniti 0.4. Jirani yangu nilimpelekea hesabu hiyo pamoja na sahani ya brokoli. Sahani ilirudi tupu, hesabu hakuizungumzia.

Nisiisifu mashine kupita kiasi. Sato mzima wa kutosha watu haingii mle mpaka umkate kichwa, na sato asiye na kichwa kwetu ni nusu ya sato. Dagaa wakavu niliwajaribu mara moja tu: feni iliwapeperusha mpaka kwenye koili, nyumba ikajaa moshi, Doto akatoka bafuni ana sabuni masikioni. Brokoli yenyewe, nikisema kweli, haiushindi mchicha wa nazi. Inapenda baridi, kwa hiyo ya hapa mjini imesafiri kutoka nyanda za juu na bei yake imesafiri nayo. Ninayoipika mara nyingi siku hizi kwa njia hiyohiyo ni bamia, zikipasuliwa kati kwa urefu. Zinakauka ute wote, mjukuu anazitafuna kama chipsi, na fungu lake halinitoi jasho.

Limebaki jambo moja, lililotutesa kuliko mapishi yenyewe. Mara ya kwanza brokoli ilipotoka inavyotakiwa, mkwe, kwa adabu yake njema, aliimimina kwenye hotpoti na kufunga kifuniko, tumsubiri Baba Kulwa atoke msikitini. Tulipofungua, mvuke ulikuwa umeirudisha kulekule, teketeke, kama dagaa walionyeshewa. Mkwe alitaka kulia. Tangu siku ile hotpoti ni ya wali na ugali. Brokoli haifunikwi na haimsubiri mtu. Baba Kulwa, mwanamume ambaye kwa miaka 34 ya ndoa sikuwahi kumwona akiingia jikoni wakati wa kupika, sasa ikilia ile kengele ya mashine anakuja mwenyewe na sahani yake, anakula amesimama kando ya kabati, na vijiti vya shina anavimaliza kabla sijageuka.

Mama Kulwa, Nyegezi, Mwanza