Unga wa kijani na chafya za kila asubuhi

SWALI: Assalam aleykum. Mie mkulima wa mwani huku Jambiani. Tabu yangu pua, kila nikifagia au nikikung'uta godoro basi chafya hazihesabiki, macho yanawasha, pua imeziba mpaka adhuhuri. Wifi yangu kaniletea unga wa kijani kutoka mjini, anasema ni mwani na unamaliza aleji kabisa. Sasa si nisage huu wangu ulioanikwa uani? Na mwanangu wa miaka sita akila kamba midomo inamvimba, nae nimpe?
Mama Watatu

JIBU: Waaleykum salaam dada. Soma kopo kwanza. Likiwa limeandikwa spirulina basi huo si mwani wa baharini, ni kijidudu cha kijani kinachoota maji ya magadi, ndo hicho wanachokula flamingo kule Ziwa Natron. Na kwa pua yako hicho ndo kina ushahidi kidogo, maana kuna utafiti wa Uturuki wa 2008, wenye mafua ya aleji wengine walipewa spirulina wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, waliopata spirulina wakapungukiwa chafya, kuwashwa na kuziba pua. Kupungukiwa lakini, sio kupona, wifi hapo katia chumvi.

Huo mwani wako wa uani, uwe aina ya spinosamu au kotoni, ute wake ndo unaogandisha aiskrimu na dawa ya meno. Kuna mwani wa kahawia wa Korea ulituliza aleji za panya maabara, sasa we si panya na wako si huo. Utie kwenye juisi ukipenda, ila kama una rovu muulize daktari kwanza, mwani una madini joto.

Mtoto usimpe, wala huo unga. Chukua fungu la mwani mbichi ulikung'ute juu ya kanga nyeupe, utaona vidudu vinarukaruka, vengine vidogo kama chembe ya mchele, vile ni jamaa zake kamba na kuviosha vyote huwezi. Na hiyo spirulina yenyewe ishawahi kuwavimbisha watu, wachache lakini wapo. Siku akivimba midomo na pumzi ikambana, hospitali muda huo huo, usingoje maji ya limau.

Godoro nalo litoe juani, na ukifagia nyunyiza maji kwanza.